Zamu Zisizokutana

Matroni alijiona bingwa wa kuepusha shari. Tangu Mrefu amkosoe Mama Pacha mbele ya ndugu wa mgonjwa, wauguzi hao wawili hawakusemeshana tena, naye akapanga zamu ili mmoja akitoka ndipo mwenzake aingie. Makabidhiano ya kitanda kwa kitanda yakafa, zikabaki chati. Miezi mitatu wodi ikatulia tuli, matroni akavimba kichwa.

Ikaja Jumanne. Chakula cha mchana kilichelewa, Mama Pacha akamchoma bibi wa kitanda cha nne insulini ya kushusha sukari dakika za mwisho za zamu yake, asijaze chati. Mrefu akaingia, akakuta nafasi tupu, akachoma tena. Baada ya saa moja bibi alikuwa analowa jasho, hasemi, watu wanakimbizana na dripu. Alizinduka, Mungu ashukuriwe, akaomba chai.

Kesho yake matroni aliwaita ofisini. Fomu ya taarifa ilikuwa mezani, na ndani yake mstari mmoja tu wa jina la aliyekosea. Ambaye angeandikwa hapo angefukuzwa kazi, na wote watatu walilijua hilo.

“Hakujaza chati,” Mrefu alisema, akiutazama ukuta.

“Mwambie kwamba bibi ana mdomo. Angemuuliza,” Mama Pacha akajibu, akiutazama ukuta wa pili.

Matroni alitamani kuwazaba vibao wote wawili. Kisha hasira ikamgeukia mwenyewe. Nani aliyeyaua makabidhiano? Nani aliyekiona kimya akakiita amani? Akashika kalamu, akaandika jina lake. Alikuwa amebakiza miaka miwili tu astaafu.

“Dada, unafanya nini?” Mama Pacha alishtuka.

“Namwandika aliyewatenganisha.”

Mrefu akakaa chini. Kwa mara ya kwanza akamgeukia Mama Pacha.

“Nilipoishika chati ulikuwa bado mlangoni, unabadilisha viatu. Hatua tano tu. Nikaona heri nichome kuliko nikusemeshe.”

Mama Pacha alijifuta machozi.

“Nilikuona umeishika,” alisema. “Nikakumbuka sijajaza. Nikasema moyoni, akitaka kujua ataniuliza. Nikafunga viatu, nikaondoka.”