Aliyeimba Wimbo wa Katuni

Watoto wa Myamba hawakuwa na habari na neno anime. Wao waliiita katuni ya Wajapani, na jioni ikifika saa yake, kila mwenye runinga alijikuta ana watoto wa watu sebuleni. Ilikuwa hadithi ya msichana anayekata nchi ya ukungu akimtafuta mdogo wake, na kila mara ilianza kwa wimbo uleule. Wimbo huo kwa Kiswahili uliimbwa na Asteria, mke wa Melkizedeki mkulima wa tangawizi, lakini nje ya kijiji chake hakuna aliyelijua hilo.

Asteria alikuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya usharika. Aliyewarekodi ni fundi mmoja wa mjini Same, Vitus, ambaye baadaye alipata kazi Dar es Salaam kwenye studio iliyokuwa ikiingiza Kiswahili kwenye katuni za nje. Walipomwambia atafute mwanamke wa kuimba wimbo wa ufunguzi, hakuhangaika kutafuta mbali. Alimtumia Asteria wimbo wa asili kwa simu, ukiimbwa na dada mmoja wa Kijapani, na Asteria akakaa nao wiki nzima, akiusikiliza huku anapalilia, huku anamenya ndizi. Hakuelewa hata neno moja. Ila alijua vizuri ni wapi yule dada anavuta pumzi, na ni wapi anataka kulia akajizuia.

Vitus alimweleza kwamba huko Japani waimbaji wa nyimbo hizi wanajaza kumbi, na mashabiki wanawajua kwa majina kuliko hata wanavyowajua walioichora katuni. Huku kwetu, akamwambia, jina lako litapita chini ya kioo upesi na hakuna atakayelisoma. Asteria akasema hilo halimsumbui. Aliurekodi wimbo kwa Kiswahili, na kibwagizo cha mwisho akakiacha kwa Kijapani, alivyokikariri kwa sikio.

Wimbo ukashika. Ukawa mlio wa simu za vijana wa bodaboda pale stendi ya Same, ukapigwa kwenye harusi, watoto wakaurukia kamba. Mara ya kwanza Asteria aliposikia sauti yake ikitoka dukani kwa mtu asiyemfahamu, alisimama nje na kapu lake kichwani mpaka ukaisha.

Wakati huo rovu, ule uvimbe wa tezi, lilikuwa limeshaanza kumtoka shingoni. Kwenye milima hii rovu si kitu kigeni, na bibi yake alizikwa nalo. Daktari alimshauri litolewe mapema likiwa bado dogo, na Melkizedeki alitaka waende siku hiyohiyo. Lakini Vitus alikuwa amepiga simu kusema msimu wa pili wa katuni unakuja na nyimbo mbili mpya, na studio inaisubiri sauti ileile. Asteria aliogopa kisu kisije kikamharibia. Akajifunga kitenge shingoni, akasema tangawizi ivunwe kwanza, kisha Pasaka ipite kwanza. Studio nayo ikawa inasogeza tarehe. Mwaka ukakatika hivyo. Alipofika mahali hawezi kulala chali kwa kukosa pumzi, ndipo Melkizedeki alipomchukua bila kumsikiliza tena, wakateremka mlima kwenda hospitali ya rufaa.

Daktari wa upasuaji hakuwaficha. Rovu lilikuwa limeuzunguka mshipa wa fahamu unaoendesha sauti, na angefanya awezalo kuunusuru, lakini kwanza angeunusuru uhai. Uhai aliunusuru. Asteria alipozinduka na kutaka maji, kilichotoka kinywani ni pumzi yenye mikwaruzo. Waliambiwa wavumilie, huenda sauti ikarudi. Walivumilia hadi wakaacha kuizungumzia.

Nyimbo za msimu wa pili aliziimba binti mwingine. Vitus alipanda mlima mwenyewe kuja kumwambia, akamwekea asikilize. Yule binti alimwiga Asteria kila kitu, hata pale pa kuvuta pumzi. Vitus alikiri kwamba watazamaji hawajatambua tofauti, kisha akainama akalia. Asteria hakulia. Alimmiminia chai, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe.

Jirani yake Dorkas alikuwa na mtoto wa kike, Victoria, mwenye ugonjwa wa selimundu. Mtoto yule aliwaambia wauguzi kwamba mwimbaji wa katuni ni jirani yao, nao wakatabasamu tu. Maumivu yalipombana, Asteria alienda kukaa naye. Victoria aliimba mwenyewe kwa kukatakata, na Asteria akimpigia mdundo kwa vidole kwenye ubao wa kitanda. Masika yalipochanganya, mtoto akafariki.

Dorkas alimfuata Asteria nyuma ya nyumba, akamwomba aimbe ule wimbo kaburini.

"Dorkas, mdogo wangu, sina sauti," Asteria alinong'ona. "Wapigieni kwenye simu."

"Kwenye simu ni yule wa zamani, dada. Mwanangu alikujua hivi ulivyo."

Akakubali. Mvua ilikuwa inanyesha, na udongo mwekundu umewapanda waombolezaji mpaka magotini. Mchungaji alipompa nafasi, Asteria alisogea, akafungua kinywa, ikatoka sauti kama ya mlango mbovu. Mstari wa kwanza haukufika mwisho. Nyuma watoto wawili walicheka, wakafinywa. Wakubwa wakatazama chini. Alipofika kwenye kibwagizo hakujaribu tena kuimba, aliyasema tu yale maneno ya Kijapani, asiyoyajua maana, taratibu, hadi kwaya ilipoanzisha pambio kwa nguvu na kumfunika, kama watu wanaofunika aibu. Dorkas hakuinua kichwa, na msiba ulipokwisha hakusema asante wala pole.

Melkizedeki alimchemshia mkewe maji ya kuoga.

Jumapili Asteria hakukaribia viti vya kwaya. Alikaa benchi la nyuma kabisa, karibu na mlango. Ibada ilikuwa imeshaanza Dorkas alipoingia na kukaa kando yake, bega kwa bega. Usharika mzima ulisimama kuimba. Wao wawili walibaki wameketi, midomo imefungwa, wakitazama migongo ya watu.