Kabati la Mzee Nyamweya

Linda alipoambiwa na kijana wa bodaboda kwamba baba mkwe wake ameiona ile video pale steji ya Manga, tena akaomba aoneshwe mara ya pili, alijikuta amekaa juu ya gunia la ndizi.

Kisa chenyewe ni hiki. Linda alikuwa akikaanga krispi za ndizi jikoni kwake na kuziuza katika soko la Daraja Mbili. Krispi tamu, hakuna aliyebisha. Alikuwa na tovuti pia, yenye picha nzuri na namba ya simu, lakini simu hiyo ilikaa kimya siku nenda siku rudi. Hafiz, kijana wa mjini Kisii aliyemtengenezea tovuti, ndiye aliyemzindua.

"Mama Mose, picha mtu yeyote anaweza kuiba kwa mtandao. Mwenye duka huko Nakuru anataka kuona mtu, aone na mahali. Tupige video, tuiweke hapo juu kabisa."

Basi Linda akaisafisha nyumba utadhani anakuja mchungaji. Hafiz alianzia kwenye sufuria, akamfuata na kamera hadi sebuleni, ambako pakiti zilipangwa ndani ya kabati kubwa la mbao. Linda akalifungua, akatabasamu, akaeleza. Video ikapanda kwenye tovuti na simu ikaanza kulia: Nakuru, Naivasha, hata Nairobi. Alipokuwa akitabasamu mbele ya kamera aliwawazia watu wa mbali tu. Kwamba tovuti hiyohiyo inafunguka pia steji ya Manga, hilo halikumpitia kichwani, na alivyo msomi!

Maana kwa Wakisii baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Ni heshima, wanaiita chinsoni, na baba mkwe huyo, Mzee Nyamweya, hakuwa mtu wa kuichezea. Akija kuwatembelea hukaa kwenye benchi karibu na tangi la maji, na chai humfuata hukohuko. Hata kabati hilo alilitengeneza yeye, enzi za useremala wake, likiwa zawadi ya harusi. Vijana walilibeba hadi ndani, naye akabaki uani akipaza sauti, "Polepole hapo mlangoni!" Na sasa sebule nzima, pamoja na pazia la chumba cha kulala, ilikuwa imemfikia kiganjani.

Onyiego, mumewe Linda, alijishika kichwa. "Iondoe leo hii."

"Na wateja?"

"Na baba?"

Biashara ndiyo kwanza ilikuwa inasimama. Lakini Linda alipoacha kazi ya ofisi akaanza kukaanga ndizi, kijiji kilimcheka, na mtu pekee aliyemtetea alikuwa mzee huyo. Alimpenda kama baba yake mzazi, akimwita Tata, yaani baba. Kumwaibisha yeye, bora arudi kupanga krispi sokoni na tovuti ife. Akaamua kwamba atamwomba msamaha kwanza, kisha ampigie Hafiz aifute video.

Jumapili alasiri mzee akaja, akakaa kwenye benchi lake. Linda akamwekea chai, akarudi nyuma hatua kadhaa, akasimama akiwa ameinamisha macho. Onyiego alijifanya anamfunga ng'ombe ambaye alikuwa ameshafungwa.

"Tata, ile video," Linda alianza. "Tulikosa. Tutaitoa."

"Mtaitoa kwa nini? Si nasikia inaleta pesa?"

"Ni kwa sababu umeona ndani, Tata."

Mzee alikunywa chai yake bila haraka. "Mimi sijavuka huo mlango. Ni simu iliingia, na simu haina mkwe." Kisha uso wake ukakunjamana. "Lakini kuna kitu nimeona kwa hiyo video, kimeninyima usingizi."

Linda akaona mambo ndiyo hayo, yamekwisha.

"Hiyo kabati yangu imelala upande. Mlango ya juu haifungi. Ama nasema uongo?"

"Haifungi, Tata. Tunaifunga na kamba."

"Tangu lini?"

"Tangu mliileta. Sakafu yetu ndio iko na shida."

"Na miaka hiyo yote hamkuniambia!"

"Tungekuambia aje, Tata? Na huwezi kuingia utengeneze."

Mzee akatia mkono mfukoni mwa koti, akatoa kabari ndogo ya mbao iliyopigwa msasa ikalainika, akaiweka kwenye benchi ili Linda aichukue. "Mguu ya nyuma, kushoto. Iingie yote."

Onyiego akamwacha ng'ombe. Yeye na Linda wakaingia, mmoja akainua, mwingine akasukuma kabari. Linda akafungua kamba, akausukuma mlango wa juu kwa kidole. Ukajifunga wenyewe, taratibu.

"Imefunga?" mzee aliuliza kutoka uani.

"Imefunga, Tata!"

Linda alichungulia dirishani, akamwona amenyoosha shingo kuelekea mlangoni, kisha akajirudi na kutazama upande wa tangi. Alitoa simu yake, akarekodi mlango wa kabati ukifunguka na kufungika. Halafu hakuzima. Aliizungusha kamera polepole: picha ya harusi ukutani, madaftari ya Mose mezani, kiti anachokalia Onyiego jioni, mwanga wa dirisha sakafuni.

Alitoka, akaiweka simu kwenye benchi kando ya kikombe, akarudi nyuma.

Mzee Nyamweya alitazama hadi mwisho. Akafuta macho kwa kiganja bila kumficha mtu, akauliza jinsi ya kuirudisha mwanzo.

Video ya Hafiz ilibaki pale juu kabisa, na simu iliendelea kulia. Hiyo ya pili haikuwekwa kwenye tovuti.