Waasi wa Shemeji Cyprian

Bupe alimaliza mkataba wake jeshini akiwa koplo wa kitengo cha tiba, akahamia Tegeta kwa dada yake Loveness. Nia yake ilikuwa kusomea uuguzi. Chuo kimoja cha Mikocheni kilitoa ufadhili, ila mwombaji alitakiwa aeleze uzoefu wake wa kazi. Kutundika dripu gizani Bupe aliweza; kujieleza kulimshinda. Shemeji yake Cyprian, mume wa Loveness, alikuwa na steshenari pale kituo cha daladala, akajitolea.

"Shem, we nisimulie tu. Kuandika niachie mie."

Bupe akamsimulia. Alikwenda nje ya nchi na kikosi cha kulinda amani, kipindupindu kikaingia kambi ya wakimbizi. Muda wote huo hakufyatua risasi hata moja. Kazi yake ilikuwa kumwaga ndoo za kinyesi zilizowekwa chini ya vitanda vilivyotobolewa katikati, na klorini ilimchubua vidole. Alimweleza pia habari za mama mmoja aliyekataa kuwaachia wahudumu mwanawe aliyekwisha kukata roho. Bupe alikaa naye chini, kwenye uchafu ule ule, mpaka mama mwenyewe akamkabidhi mtoto.

Cyprian alikunja pua. "Kuhara hakuuzi, shem. Nani atakupa ufadhili kwa mavi ya watu?"

"Ndiyo kazi niliyoifanya."

"Poa, nitaipangilia vizuri."

Akaipangilia, akaituma bila kumwonyesha.

Siku hazikupita nyingi Bupe akaitwa kwenye usaili. Alimwamkia mwenyekiti, Dokta Marietha, akaketi. Pembeni ya mwenyekiti kulikuwa na mwalimu aliyeitwa Stanley, ameinamia meza, macho yanamng'aa.

"Umeandika kwamba waasi walivamia wodi, ukawaangusha kumi na mmoja peke yako. Hebu tupe stori. Mtu akidondoka mbele yako unajisikiaje?"

Bupe akaomba kuiona karatasi. Akasoma. Yule mama alikuwemo, ila sasa alipiga magoti akibusu buti za Bupe, na mwanawe alikuwa mzima, Bupe kambeba begani katikati ya risasi. Akairudisha karatasi mezani.

"Huyu mtoto alikufa," alisema. "Na mie sijaua mtu. Haya kayaandika shemeji yangu."

Akaeleza yaliyokuwepo: ndoo, klorini, yule mama. Alipofika katikati, Stanley alikuwa ameegemea kiti, anachezea simu. Bupe alimtazama kama mtu anayetazama funza kwenye kidonda.

Dokta Marietha alimsikiliza mpaka mwisho. "Mwanangu, ungetuandikia hayo, nafasi ungekuwa nayo. Maombi yenye uongo siwezi kuyapitisha. Rudi mwakani, uandike mwenyewe."

Bupe alikwenda moja kwa moja steshenari.

"Shemeji, umemfufua maiti wa watu ili unipambe mie?"

"Si uliitwa?" Cyprian hata hakusimama. "Bila mie wangekuita?"

Swali hilo ndilo lililomuuma Bupe zaidi. Huenda ni kweli. Huenda ni hao waasi wa uongo waliomfungulia mlango. Akajiona kama kapakwa kitu kisichotoka kwa sabuni.

"Usiniandikie tena," alisema. "Hata jina langu usiliandike."

Alihamia Kigamboni, akapata kazi kwenye zahanati. Mwaka uliofuata akaandika mwenyewe, kwa sentensi fupi, akaanzia kwenye ndoo. Safari hii walimpokea.

Jioni moja Loveness akampigia simu, sauti ya aibu. "Mdogo wangu, usikasirike. Cyprian anawatangazia watu kanisani kwamba yeye ndiye aliyekufundisha kuandika. Ameshapata na wateja wa kuwaandikia maombi."

"Dada, mie nakupenda," Bupe akasema. "Lakini ukija kunitembelea, njoo peke yako."