Kaburi au Kidonda

Sheria ya machela katika kijiji kile cha mlimani, juu ya mji wa Bwera, ilikuwa fupi, na kila mtoto aliijua kabla hajajua kuhesabu. Baragumu likilia, kila nyumba inatoa bega moja. Anayekosa aeleze sababu, na sababu zinazokubalika ni mbili tu: kaburi au kidonda. Ama umefiwa, ama una jeraha ambalo watu wataliona kwa macho yao. Homa si sababu, mvua si sababu, na harusi ndiyo usiitaje kabisa.

Machela yenyewe waliiita engozi. Ilikuwa kitanda cha fito na kamba, kilichobebwa na watu wanne wanne kwa zamu, maana njia ya kutoka kule mlimani pikipiki haziiwezi mvua ikinyesha. Mgonjwa alishushwa nayo mpaka barabarani, na akifia huko chini alipandishwa nayo. Mtu akikosa mara tatu bila kaburi wala kidonda alifutwa katika chama cha wabebaji, na aliyefutwa hakubebwa tena, yeye wala wa nyumbani kwake, awe hai au maiti.

Biira alikuwa mwanamke pekee aliyetoa bega katika chama hicho. Mumewe alipofariki, shemeji yake Tsongo, ambaye ndiye mwenyekiti, alimwambia apike chakula cha wabebaji kama walivyofanya wajane wengine. Biira akajibu kwamba bega ni bega, halina ndevu, akajitwika mti wa machela. Huu ulikuwa mwaka wa tisa. Tsongo alikuwa amestaafu jeshini na cheo cha sajenti, na hadi leo hata mkewe Evas alimwita afande. Hakuwahi kumsamehe Biira, na kosa la Biira lilikuwa kubeba vizuri.

Sasa Biira alikuwa amekosa mara tatu.

Mambo yalianza msimu wa kahawa, alipoona damu chooni. Akasema ni bawasili. Kule mlimani bawasili ni ugonjwa wa kila mtu na wa hakuna mtu, kwa sababu wote wanaugua na hakuna anayekiri. Alikalia mvuke wa majani jioni baada ya jioni, miezi minne, mpaka akachoka kupikwa kama muhogo. Duka la dawa la Bwera likampa vidonge vya minyoo. Minyoo ilikufa, kama alikuwa nayo, na damu ikaendelea kuja. Haikumuuma hata kidogo, na ndiyo maana aliivumilia muda wote huo.

Siku aliyoamua kwenda Kasese hakuita engozi. Tangu Ebola ilipopita upande wa pili wa mpaka, wabebaji walikuwa na haki ya kuambiwa wanabeba ugonjwa gani, na Biira aliona heri afe kuliko kumwambia Tsongo. Alimuaga mama yake, mzee wa miaka themanini na zaidi aliyekuwa akiishi naye, kwamba anakwenda kumsalimia ndugu aliyeko kule Karusandara. Akashuka mlima kwa miguu yake. Mficha maradhi kilio humuumbua, lakini siku ile Biira hakuwa na nafasi ya methali.

Hospitalini walimpima kwa kidole, wakampima kwa kamera, wakachukua kipande kidogo cha nyama wakakipeleka Mbarara pamoja na yeye mwenyewe kupigwa picha za mashine. Majibu yaliporudi, daktari wa kwanza aliyeyasoma hakumtazama usoni. Alimwandikia apasuliwe tumbo, njia yote ya chini itolewe, na kinyesi kiwe kikitokea ubavuni kwenye mfuko maisha yake yote. Muuguzi akaongeza kwamba aje na mume au shemeji kutia sahihi. Biira alirudi nyuma mpaka koridoni kwa hofu. Kisha hasira ikaja ikamrudisha ndani, na hasira hiyo aliishukuru mpaka leo.

"Mume yangu iko kaburini," alimwambia muuguzi. "Na shemeji yangu haiko na mukundu yangu. Sahihi ni ya mwenye mwili."

Daktari Kansiime, mwanamke mfupi aliyekuja kutoka Mbarara Jumanne moja kila wiki mbili, alikuwa mlango wa pili na akasikia kila neno. Aliingia, akaichukua ile faili, akaisoma upya pole pole. Alimweleza Biira kwamba ni kweli ni saratani, hakuna haja ya kuipaka sukari. Lakini ilikuwa changa, ndogo kama punje ya haragwe, na picha zilionyesha haijazamisha mizizi. Kwa uvimbe wa namna hiyo tumbo halikuwa lazima lipasuliwe. Yeye angeingilia njia ile ile ya haja kubwa, kwa mrija, kamera na vyuma vyembamba virefu, aukate pamoja na ukingo wa nyama nzima kuuzunguka, ashone huko huko ndani. Ikija kuonekana kwamba umezama zaidi, watarudi kwenye ule mpango wa tumbo. Na hata ukitoka wote, Biira atakuwa akirudi kupimwa kila baada ya miezi mitatu, bila kuruka, kwa sababu ugonjwa huo una tabia ya kurudi.

Biira aliuliza jambo moja tu, kama atabeba tena. Daktari alidhani anazungumzia mimba, akatabasamu. Walipoelewana, alimwambia wiki sita asinyanyue kitu kizito kuliko kibuyu cha maji, baadaye abebe hata mlima akitaka.

Alitia sahihi mwenyewe. Siku ya tatu baada ya upasuaji alitoka wodini akitembea wima, na mlima akaupanda kidogo kidogo, akipumzika kila penye kivuli. Wiki iliyofuata daktari alimpigia simu kwamba kingo za nyama iliyokatwa zilikuwa safi. Biira aliketi jikoni akalia mpaka mama yake akauliza nani amekufa.

Kosa lake lilikuwa moja, na alilijua. Baragumu lilipolia mara ya kwanza, alimtumia salamu Kezironi, katibu wa chama, kwamba amepasuliwa. Wapi, hakusema. Sasa kule kijijini mtu aliyepasuliwa anajulikana. Anatembea ameinama, ameshika tumbo, na akipata nguvu anaonyesha kovu, tena bila kuombwa. Wanaume wana makovu ya ngiri, wanawake wana makovu ya uzazi, na mtoni wameshayapima kwa vidole kuona la nani refu. Biira alionekana akipalilia kahawa, mgongo umenyooka kama mgomba mchanga, akicheka na jirani. Baragumu likalia mara ya pili, hakuja. Likalia mara ya tatu, hakuja. Watu wakaanza kusema kwamba mjane amechoka kubeba na sasa anatafuta kubebwa.

Basi Jumapili baada ya kanisa aliitwa barazani mwa ghala la kahawa. Wanaume walikaa kwenye magunia, wanawake kwenye benchi la ukutani, na Kezironi akafungua kitabu cha mahudhurio gotini. Biira alimwacha mama yake nyumbani, lakini alikuwa naye moyoni. Kila miezi miwili engozi ilimshusha yule mzee kliniki kwa ajili ya presha. Biira akifutwa leo, mama yake angefia mlimani, na asingepata hata wa kumpeleka makaburini. Hilo tu ndilo lililomtetemesha.

Tsongo alisimama mikono nyuma. "Mama Jonan, simama," alisema, akimwita Biira kwa jina la mwanawe. "Mara tatu baragumu inalia, bega yako haiko. Kaburi ao kidonda?"

"Kidonda."

"Onyesha."

Biira alitoa barua ya hospitali. Tsongo aliipokea kwa vidole viwili, akaigeuza nyuma na mbele, akasema karatasi si kidonda, karatasi hata yeye angeandikiwa pale mpakani Mpondwe kabla chai haijapoa. Watu wakacheka. Mtu mmoja kwenye magunia akashauri wanawake wamchukue nyuma ya ghala wakamkague tumbo, ili mambo yaishe watu wakale.

Kicheko kile ndicho kilichomwondolea Biira aibu. Alikuwa ameibeba miezi yote ile, na ilikuwa nzito kuliko mgonjwa yeyote aliyewahi kumbeba begani. Akaona amechoka nayo. Hakungoja kupelekwa nyuma ya ghala. Alipandisha blauzi yake mpaka kwenye mbavu, mbele ya wote, akageuka huku na huku ili kila upande uone.

"Munaona?" alisema. "Tumbo haina kitu. Iko na mistari ya kuzaa Jonan, ni ile tu. Kidonda yangu iko ndani ya mukundu."

Neno lile halitamkwi mbele ya shemeji, wala mbele ya mchungaji, wala mbele ya magunia ya kahawa. Kezironi aliangusha kalamu. Bibi mmoja akafunika kinywa kwa kanga. Tsongo alinguruma, akamwambia akae chini, kwamba hana adabu mbele ya watu anaopaswa kuwaheshimu.

"Sikae," alisema Biira. "Aibu nilikuwa nayo miezi ine, na ilibakia kidogo iniue. Ilikuwa kansa. Dokta aliingia na njia ile choo inatokeaka, na kamera, na vyuma virefu kama sindano ya magunia. Akakata, akashona mule mule. Siku ya tatu nilikuwa natembea. Mutu anataka kuona kidonda, aende asomee udaktari, halafu akuje na taa. Nitamungojea."

Mtu alicheka, kisha akanyamaza alipoona yuko peke yake. Biira aliwaambia mengine kwa sauti ile ile, yote: damu, mvuke wa majani, vidonge vya minyoo, mfuko wa ubavuni aliokuwa karibu kuvishwa. Alisema kama kijiji kinataka kumfuta kwa sababu daktari wake anajua kushona bila kuharibu ngozi, basi wamfute, lakini kila atakayenyanyua mkono amtazame machoni. Na mama yake akihitaji kushuka, atamfunga mgongoni kwa leso kama alivyofungwa yeye, na atashuka naye.

Tsongo hakuwa mtu wa kushindwa hadharani. Aliwageukia wanaume, akasema sheria ni sheria, kidonda hakikuonekana, wanaotaka mjane afutwe wanyooshe mikono. Mikono mitatu ilipanda. Wa nne ulikuwa njiani.

Ndipo Evas, mke wa mwenyekiti, aliposimama kwenye benchi la wanawake. Mwanamke huyu alikuwa mkimya kiasi kwamba watu wengine walisahau sauti yake ikoje.

"Mama Jonan," aliuliza, "damu yako ilikuwa nyekundu?"

"Nyekundu. Juu ya choo, na ingine kwa nguo."

"Ilikuwa inauma?"

"Hapana. Ndiyo ubaya yake hiyo."

"Evas," alisema Tsongo. "Kaa chini."

Evas alibaki amesimama, mikono imeshikana kifuani. Alionekana anaogopa sana, na alisema hivyo hivyo akiogopa. "Naogopa, afande, lakini sikae. Ni miye nafuaka suruali zako. Tangu tulipanda maharagi nafua damu, na wewe unaniambia ni udongo."

Mkono uliokuwa njiani ulirudi gotini, na mitatu mingine ikashuka mmoja mmoja. Biira alimtazama shemeji yake, mtu aliyekuwa amesimama vile vile mikono nyuma kama yuko gwaride. Alikuwa amengoja miaka tisa kumwona Tsongo ameshikwa, na alipomwona hakusikia utamu wowote. Alisikia hofu, ile ile aliyokuwa nayo kwenye korido ya hospitali.

"Pengine ni bawasili tu, shemeji," alisema. "Watu wengi ni bawasili tu. Lakini majani haina macho. Dokta iko nayo."

Tsongo alimtazama mkewe, akawatazama wanaume, na mwisho akatazama kile kitabu gotini mwa katibu. Sauti iliyomtoka haikuwa ya amri.

"Kezironi," alisema. "Andika kidonda."

Katibu aliokota kalamu, akaandika, akaanza kufunga kitabu upesi kama mtu anayefunika chungu.

"Fungua," alisema Biira. "Andika na mahali."

Kezironi aliinua macho kwa mwenyekiti. Mwenyekiti alitikisa kichwa kukubali. Kalamu ikarudi kwenye karatasi, na Biira akasogea akasimama nyuma ya bega la katibu mpaka neno likaandikwa lote, kwa herufi zinazosomeka. Kisha akamwambia Tsongo kwamba daktari Kansiime angekuwa Kasese Jumanne, kwamba wataondoka saa kumi na mbili asubuhi, yeye, Evas na Biira, na kama miguu yake ingekataa wangembeba. Alimwambia yote hayo mbele ya watu, wala hakupunguza sauti.