Cheti cha Mbao Nyingine

...na bado Gicheru anaongea, sauti inakuja na kupotea katika kelele za bandarini Mombasa, ni saini moja tu, Mama Rohan, ati forodha wanataka hiyo barua kabla ya saa kumi, na Jasumati amesimama nyuma ya kaunta ya duka lake hapa Nyeri mjini, simu sikioni, kalamu mkononi, barua mbele yake ingali na joto la printa, mistari minne tu, inasema kwamba yeye mwenye duka anathibitisha kuwa alama ya E2 iliyopigwa ubavuni mwa mbao hizi za MDF, zile za unga wa mti na gundi, ni kosa la uchapishaji la kiwandani, na kwamba mbao zenyewe ni E1 kama cheti cha maabara kinavyosema, kosa la uchapishaji, kana kwamba mtu amekosea herufi kwenye kadi ya harusi... "Unaniskia, Mama?" "Nakusikia, Gicheru," anamsikia vizuri sana, kontena limefunguliwa asubuhi, afisa akachomoa ubao mmoja, akaugeuza, akasoma E2, akatazama cheti, akasoma E1, akafunga faili, na Gicheru, wakala wa forodha aliyemhudumia marehemu mumewe Harshil miaka kumi na moja bila kupoteza mzigo hata mmoja, amepata njia, "kiwanda wako tayari kuandika yao, wewe andika yako, zikikubaliana imeisha hiyo," imeisha, ingekuwa Harshil angefanya nini, lakini Harshil alijua mambo haya yote kichwani, yeye Jasumati alijua bawaba na misumari na wateja tu, mumewe alipofariki watu walisema duka litafungwa, mama huyo atajua nini habari za kuagiza mbao ng'ambo, naye akakaa na makaratasi hadi macho yakamuuma, akajifunza kwamba E1 ni mbao ambazo gundi yake haitoi mvuke mwingi wa sumu, E2 hutoa zaidi, na mvuke wenyewe una jina refu, formaldehidi, lilimchukua wiki mbili kulitamka mbele ya ukuta wa jikoni, na hili ndilo kontena la kwanza aliloagiza peke yake, la kwanza, aliwapelekea hata shemeji zake Nanyuki picha ya cheti... cheti. Usitazame tena hicho cheti. Kiko hapo kwenye faili la bluu na tarehe yake ni ya Machi, na mbao zake yeye zilitengenezwa Juni, aliliona hilo mwezi uliopita, peke yake, akiwa na chai mkononi, akajua kwamba mbao zilizopimwa maabara ni mbao nyingine kabisa, hazijawahi kuwa zake, akafunga faili akamalizia chai, hakumwuliza mtu, kwa sababu ukiuliza utajibiwa... "Mama, hata wengine wanafanya hivyo, hakuna mtu amewahi kufa na kabati," anasema Gicheru akicheka kidogo, si mtu mbaya, anataka kumsaidia, na hapo ndipo Mathenge anapomjia akilini, fundi Mathenge wa Majengo, aliyekata mbao zao miaka yote katika kile kibanda chake kisicho na dirisha, aliyekuja siku moja amesimama hapo hapo mlangoni, macho mekundu, akasema Mama hii mzigo ya safari hii inaniliza kama kitunguu, na wao wawili, yeye na Harshil, walicheka, Harshil akamwambia nunua miwani, Mathenge naye akacheka, na Alhamisi iliyopita alimkuta huko Kiganjo akiuza mayai, amekonda, "nilitoka kwa mbao, Mama Rohan, kifua ilikataa, daktari anasema labda ni vumbi, labda ni hiyo harufu, hata yeye hajui," akamwongezea mayai mawili juu ya trei, hakumlaumu, afadhali angemlaumu, alirudi nyumbani na mayai yale yamekaa kwenye jokofu hakuna aliyeyagusa... labda ni vumbi, hakuna anayejua, na hiyo ndiyo sababu ya kupima, si ndiyo, hupimi kwa sababu unajua, na mbao hizi zinaenda Wamagana, kwa chekechea ya mwalimu Anita, amejenga chumba cha watoto wadogo kulala, vitanda kumi na vinne vya chini na makabati ukuta mzima, shule inafunguliwa mwezi ujao, "nakuamini, Mama, wewe unauza kitu safi," madirisha aliyaweka madogo kwa sababu Wamagana kuna baridi, watoto watalala mchana milango imefungwa, pua zao ziko sentimita ngapi kutoka kwenye ubao, sentimita tano, kumi... "Mama Rohan? Uko hapo?" Yuko hapa. Yuko hapa na amechoka kuogopa shemeji, amechoka kuogopa kuonekana mwanamke asiyejua, kwani si anajua, hilo ndilo gumu lenyewe, anajua, hakuna mtu katika mji huu anayejua vizuri kuliko yeye tarehe ya cheti kile, na mtu anayejua akitia saini si sawa na asiyejua. "Gicheru, sitasaini." "Mama, watazikataa. Kontena nzima itarudishwa." "Waambie zipimwe. Wachukue ubao wowote wapeleke maabara, na wakiuliza kuhusu cheti, cheti hicho ni cha mbao nyingine, nimekiona mimi mwenyewe, na niliona mapema nikanyamaza, hilo pia waambie." "Hiyo ya mwisho si lazima niseme." "Basi nitasema mimi." Gicheru anavuta pumzi, anasema pole pole, "Mzee Harshil hakuwahi kunipatia siku ngumu hivi," na yeye anajua, anajibu tu, "Najua, baba," na kalamu bado iko mkononi, barua bado iko mbele yake, mteja ameingia anaulizia rangi ya mabati, naye anamwonyesha kwa kidole, subiri kidogo, bado niko kwa simu.