Gari Lililobaki Juu

Mama Upepo alikuwa amechoka tangu asubuhi, uchovu ule usiotaka kulala wala kukaa, unaotaka tu watu wanyamaze. Jina hilo alibandikwa na mashemeji zake kwa sababu ya kazi yake. Gari lao la mashindano lilikuwa na jeki zilizofichwa tumboni, na yeye ndiye aliyeshika mpira wa upepo. Gari likiingia kubadilishwa matairi, aliuchomeka mdomo wa mpira kwenye tundu la nyuma. Upepo ukapiga mluzi, miguu ya chuma ikashuka, na gari likajiinua taratibu kama mtu anayetoka kitandani bila hamu. Akiuchomoa, gari linadondoka na dereva anaondoka. Kazi ya bega, na bega lake la kulia lilikuwa limeanza kumgomea.

Timu ilikuwa ya ukoo. Baba mkwe wake, ambaye wote walimwita Mzee, ndiye mwenye gari na mwenye kauli. Mumewe alifunga matairi. Shemeji yake Kiberiti, mdogo wa mumewe, mfupi na mwepesi wa kuwaka, aliendesha akipokezana na binamu yake. Lakini binamu alikuwa ameamka na tumbo la kuendesha, na sasa alikuwa amejikunja nyuma ya lori la vifaa. Kwa hiyo Kiberiti alikuwa peke yake kwenye usukani tangu mbio zianze, na jua lilichoma lami mpaka ikawa inanata kwenye soli za viatu.

"Bado kidogo tu, baba," Mzee alimwambia kwenye redio kila mara. Hicho kidogo hakikuwa na mwisho.

Kiberiti alipoingia tena, alipitiliza mstari wa kusimamia, jambo ambalo hakuwa na kawaida ya kulifanya. Mafuta yakaanza kujazwa. Wakati huo gari haliruhusiwi kuinuliwa, kwa hiyo Mama Upepo alikuwa na kazi ya kufuta kioo. Aliinama dirishani na kitambaa chake.

"Leseni ulinunua wapi, shemeji? Hata kuegesha hujui."

Siku nyingine angejibiwa neno la kumchekesha mpaka jioni. Leo Kiberiti alisogeza uso dirishani.

"Nimelala, shemeji."

"Umelala wapi?"

"Kule kwenye barabara iliyonyooka. Nimezinduka magurudumu ya upande mmoja yako kwenye majani." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Sijui nimelala kiasi gani."

"Shuka basi."

"Nikishuka ataendesha nani? Nipe maji. Na Mzee usimwambie."

Alimpa maji. Kiberiti akanywa kwa mrija, nusu yakimwagikia kifuani.

Mama Upepo aliolewa katika nyumba ile Kiberiti akiwa bado anavaa kaptula za shule. Alimpikia, akamfulia, akamfichia makosa yake madogo mbele ya baba yake: sahani iliyovunjika, kuchelewa kurudi, sigara. Kuficha alikuwa amezoea. Hata hili alijaribu kulificha, kwa muda wa kutembea kutoka dirishani hadi nyuma ya gari.

Mafuta yakaisha kujazwa. Akachomeka mpira, gari likainuka. Mumewe akapita kwa kasi akitoa matairi yaliyoisha na kufunga mapya, spana ikilia, kisha akanyoosha mkono juu kuonyesha kwamba amemaliza.

"Shusha," Mzee akasema.

Hakushusha. Alikuwa ameushikilia mpira kwa mikono yote miwili, bega likiwaka moto.

"Mama Upepo, shusha gari."

"Amelala akiendesha, Mzee. Kaniambia mwenyewe."

Mzee alikwenda dirishani akainama. "Umelala?"

Kiberiti akakaza glavu zake. Magari mengine yalikuwa yakivuma nyuma ya ukuta.

"Niko sawa, baba," Kiberiti akasema.

Moyo wa Mama Upepo ulishuka kabla ya gari. Alijiona mjinga, mwanamke aliyesimama na mpira mkononi mbele ya watu, akionekana mzushi. Angeweza kuuchomoa wakati ule, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Umemsikia," Mzee akasema.

"Nimemsikia." Akamgeukia mumewe. "Weka vyuma."

Vyuma hivyo huvikwa kwenye miguu ya jeki fundi anapotaka kuingia chini ya gari, ili hata upepo ukiisha lisimwangukie. Katikati ya mbio haviwekwi. Mumewe alimtazama mkewe, akamtazama baba yake, akafuta jasho kwa mkono. Kisha akapiga magoti akavivika vyote, kimoja baada ya kingine.

Ndipo Mama Upepo akauchomoa mpira. Upepo ukatoka wote, na gari likabaki juu.

Mzee alivua redio sikioni, akaiweka juu ya rundo la matairi, akaondoka kwa miguu kuelekea lango. Kiberiti alijifungua mikanda, akatoka akishika paa la gari.

"Umeniaibisha," akamwambia, akapita.

Walifungasha vitu mbio zikiwa bado zinaendelea. Walirudi nyumbani kwa lori. Mumewe alimshika goti mara moja, akarudisha mkono kwenye usukani wa lori.

Mashindano yaliyofuata Mzee alitafuta dereva wa akiba, na mpira wa upepo akampa mtu mwingine.  Bega la Mama Upepo lilishukuru kuliko yeye.

Kiberiti hakukanyaga nyumbani kwa Mama Upepo kwa muda mrefu. Siku aliyokuja alipitia mlango wa jikoni, akaketi kwenye kigoda, akachezea funguo zake.

"Ulijua nitakukana?"

"Sikujua. Nilidhani utanisaidia."

"Nilimwogopa, shemeji."

"Najua. Hata mimi nilimwogopa." Alimwekea sahani mezani. Alikuwa amechoka siku hiyo pia. "Nawa mikono. Chakula kinapoa."