Jumatano Haina Mwenyewe

Mzee Aldous alipostaafu uenyekiti wa Mlango Wazi, umoja wetu wa nyumba za ibada, hakuna aliyeutaka. Kuhangaikia magodoro na supu hapa Bradford, mji wa Uingereza ambao viwanda vyake vya sufu vilikufa zamani, nani anaitaka kazi hiyo? Aliikubali Rukhsana Mirza, nesi wa wodi ya wazee, mwanamke mwenye adabu mpaka zinachosha. Mimi, Maud Ackroyd, msimamizi wa jiko la kanisa la Wamethodisti, nilimpigia kura. Nampenda mpaka leo, na hasira ninazo pia.

Kazi yetu inajulikana. Majira ya baridi, kila nyumba ya ibada inawalaza wasio na makazi usiku mmoja wa wiki. Jumatatu msikiti, Jumanne Masingasinga, Jumatano sisi, Alhamisi Wakatoliki, hivyo hivyo mpaka wiki inaisha. Mwaka ule alioingia Rukhsana, kanisa letu liliuzwa. Waumini tulikuwa tumebaki wachache, paa linavuja, na tajiri mmoja akalinunua aligeuze nyumba za kupangisha. Jumatano ikabaki haina mwenyewe, na baridi ndiyo hiyo inabisha hodi.

Sasa, sisi hatuombani. Waanzilishi walikubaliana kwamba dini moja haitaidai nyingine kitu, wakiogopa ugomvi. Mwenyekiti hutaja pengo lililopo, kisha hunyamaza. Basi. Aldous aliweza kunyamaza mpaka chai ikapoa kwenye birika. Watu walikuwa wakijikuna, wakikohoa, wakitazama dari, na mwishowe mmoja alishindwa kuvumilia akajitolea. Sikuwahi kuona njia hiyo ikigoma.

Kwenye kikao chake cha kwanza, Rukhsana aliitaja Jumatano. Kimya kikaingia. Wakuu wa nyumba za ibada wakaanza kuzichunguza biskuti zao kana kwamba hawajawahi kuziona. Nikawa najisemea moyoni, vumilia, mwanangu, vumilia kidogo tu. Lakini nilimwona akiteseka kwa niaba yao. Akatabasamu, akawaambia wasijali, atatafuta njia nyingine, akaizungusha tena sahani ya biskuti. Watu wakashusha pumzi. Nilitamani kulirusha lile birika ukutani.

Tulipokuwa tunaosha vyombo nikamwuliza kwa nini hakunyamaza.

"Shangazi, wale ni wageni wangu," akasema. "Kwetu mgeni akikosa raha mezani, aibu ni ya mwenyeji."

"Wageni gani? Wale wana kumbi na funguo mfukoni. Mgeni wako ni Wilf."

Alikisugua kikombe ambacho kilishatakata.

Wilf Garside alikuwa fundi wa mitambo ya kusokota nyuzi mpaka kiwanda kilipofungwa, halafu mke akaondoka, halafu chupa ikahamia. Pombe ilikuwa imemla kumbukumbu. Siku za wiki alizijua kwa milango: mlango wa msikiti, mlango wa Masingasinga, mlango wetu. Na kwa kuwa kule kwa wenzetu alizoeshwa kuvua viatu, akawa anavua kila mahali, hata kwetu ambako hakuna aliyemwomba. Anavipanga vizuri kando ya mlango, visigino ukutani. Tulikuwa tunamtania kwamba yeye peke yake ana dini zote. Anacheka, anaomba supu ya pili.

Rukhsana alihangaika kweli, simnyimi haki yake. Aliomba ukumbi wa shule, akaomba klabu ya kriketi, kote akarudishwa kwa maneno matamu. Akabaki kuwaambia watu mmoja mmoja kwamba Jumatano waende ofisi ya mji wakatafutiwe kitanda. Wilf aliitikia kwa kichwa. Wilf alikuwa anaitikia kila kitu.

Jumatano ya kwanza ya barafu ikafika. Alhamisi asubuhi mafundi wa ujenzi walienda kufungua kanisa letu wakamkuta Wilf amejikunja mlangoni, amekufa kwa baridi. Rukhsana ndiye aliyeitwa kumtambua, kisha akanipigia simu.

"Alikuwa amevua viatu, shangazi," akasema. "Alivipanga."

Nilikaa chini sakafuni jikoni kwangu nikalia kama mtoto.

Kikao kilichofuata, Rukhsana alikuja na vile viatu kwenye mfuko wa plastiki. Hakuviweka mezani, hakuhutubia. Alivipanga kando ya mlango wa chumba, visigino ukutani, akarudi kukaa. Safari hii hakupika chai. Akasema, "Jumatano," akanyamaza.

Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko vyote vya Aldous. Safari hii Rukhsana alivumilia. Mzee wa sinagogi akawa wa kwanza: ukumbi wao, alisema akiangalia magoti yake, huwa mtupu Jumatano. Padri naye akasema wana chumba cha chini, kina joto. Kisha bwana wa kwaya ya Waanglikana akasema wanaweza kuhamisha mazoezi, si kazi kubwa.

Nilisubiri Rukhsana awashukuru, maana huyo hushukuru hata akikanyagwa. Aliwatazama mmoja baada ya mwingine.

"Kumbi tatu," akasema. "Mimi nilikuwa nataka mmoja."

Kisha akanyoosha mkono kwa mzee wa sinagogi, apewe funguo.